Usimsomee

Tarehe 6 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na kaka yangu. Mgongo wake unaendeleaje? Na ile mikono yako iliyokuwa ikichunika kwa sabuni za hoteli, imepata nafuu? Sisi huku wazima, ila mimi nina mafua ya vumbi la chaki, na mwanao ana afya kupita kiasi.

Nianze kwa kukubaliana na kaka yangu, jambo ambalo si kawaida yangu. Amesema tuache simu tuandikiane, maana kila tukipigiana tunagombana kabla salamu hazijaisha. Basi ndiyo hii. Leo ukitaka kunikatiza maneno huwezi.

Chiriku yuko darasani kwangu, darasa la tatu, tangu shule zilipofunguliwa. Hapa nyumbani anaongea kuanzia anapofumbua macho, jina la utani mlimpa sawasawa. Sijasahau ulivyonishika mkono pale stendi ulipomleta. Uliniambia shule ya huko ilimkalisha nyuma na kumpa kazi ya kufuta ubao, kwamba mimi ndiye wa mwisho kujaribu, na kama mwaka ukiisha hajui kusoma utampeleka ile shule ya bweni ya watoto wazito wa kuelewa. Tangu siku hiyo situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natafuta chaki.

Ngoja nikupe picha ya darasa. Watoto wamebanana watatu watatu kwenye madawati ya wawili. Yupo mmoja asiyekaa kitini hata umfunge kamba. Huyo nimempa meza ndefu karibu na dirisha, anaandika amesimama, na tangu hapo hajapigana na mtu. Yupo mwenye macho dhaifu, anakaa mbele kabisa, bado kidogo aonje ubao. Na yupo binti wa fundi saa, yule mwenye kibanda kando ya posta. Ni kiziwi. Anasoma kuliko wote na mwandiko wake ni kama wa kitabu, lakini nikigeukia ubao huku naongea, mimi na yeye tumeachana njia.

Sasa sikia nilichofanya. Mwanao anasikia kila kitu na hasomi. Binti wa fundi saa anasoma kila kitu na hasikii. Nimewaketisha dawati moja, wao wawili peke yao. Mmoja anasikiliza na kumweleza mwenzake kwa mikono, mwingine anasoma na kumwonyesha mwenzake. Wametunga ishara zao wenyewe, wifi. Kugawanya ni kukata kiganja. Mwalimu Mkuu ni tumbo. Mimi ni mkono kiunoni na kidole kinachotikisika, na wanasema hawakutia chumvi.

Roho yangu iko juu juu, ila safari hii ni kwa furaha. Nipe muda.

Ni mimi wifi yako,
Shangazi wa Chiriku


Tarehe 21 Februari

Wifi yangu,

Nashukuru kwa barua, tumeipata tukiwa wazima. Mgongo wa kaka yako ni ule ule, anausema jioni na asubuhi anausahau. Mikono yangu usiiulize. Pole kwa mafua, kunywa chai ya moto na upumzishe mdomo, kama unaweza.

Barua yako nimeisomea chumba cha kufulia, nimejibanza nyuma ya toroli la mashuka ili msimamizi asinione. Nimecheka peke yangu kuhusu tumbo la Mwalimu Mkuu. Halafu nikaisoma tena.

Wifi, nikuambie ukweli. Kule shule ya zamani nako waliniambia anaendelea vizuri. Mwalimu wake alinisifia, eti mtoto mchangamfu, anajibu, ana heshima. Siku nilipofungua daftari lake nikakuta mistari ya vitu vinavyofanana na herufi, ukurasa hadi ukurasa, hakuna hata neno. Nililia njia nzima. Kwa hiyo usinifurahishe. Najua unampenda, na mtu akipenda huona anachotaka.

Nijibu swali moja tu. Anasoma? Sikuulizi kama anajibu. Anasoma?

Ile shule ya bweni imenishikia nafasi, wanataka jibu langu katikati ya mwaka. Si pabaya. Watoto ni wachache, na kuna utulivu. Wanafundishwa kushona na kufuma. Walioniambia wanasema mtoto akishaingia pale harudi tena darasa la kawaida, lakini angalau hachekwi. Mimi kichwa kinaniuma kwa kuwaza.

Mbusu kwa niaba yangu.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Tarehe 11 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Na kaka hajambo? Mafua yameniisha, sasa nina sauti ya kukusimulia. Kaa chini kwanza, weka hizo shuka pembeni.

Muhula umeisha na mitihani, niliyowapa dawati kwa dawati, imesahihishwa. Dawati lile la watu wawili limekuwa la pili darasa zima. La pili, wifi! Mwalimu Mkuu hakuamini, akaja na walimu wenzangu wakasimama nyuma kuangalia. Nikasoma hadithi kwa sauti, mwanao mikono ikawa inapaa, binti wa fundi saa anaandika majibu bila kuinua kichwa. Nikaandika maswali ubaoni, binti wa fundi saa akamwonyesha mwanao kwa vidole, na kabla sijaweka chaki chini Chiriku amesimama anajibu kwa ufasaha wa mtangazaji wa redio. Walimu wakapiga makofi. Mmoja akaniomba niende darasani kwake nimpangie watoto wake namna hiyo hiyo. Nakwambia nilitembea siku nzima kama niliyevaa viatu vipya.

Na watoto wengine wameambukizwa. Hata yule wa kuandika amesimama sasa anaomba ruhusa ya kutoka kwa ishara, na mara nyingi kuliko haja yake.

Ulivyouliza kuhusu kusoma, kusoma kuko njiani. Mtoto kwanza lazima aamini kuwa ana akili, na huyu ameshaamini. Usiwe na haraka. Ungemwona anavyoinua kidole ungeelewa.

Nakutumia karatasi ya matokeo uione mwenyewe.

Wifi yako anayeringa,
Shangazi wa Chiriku


Tarehe 3 Mei

Wifi yangu, wifi yangu, wifi yangu,

Mzima? Sisi ni wazima na zaidi. Karatasi ya matokeo nimeibandika juu ya meza ya kupigia pasi, kila anayeingia lazima aisome kabla sijampa shuka. Msimamizi amenifokea, nikamwambia mwanangu ni wa pili, akaishia kuisoma na yeye. Kaka yako huko kazini amefunga mabomba ya nyumba nzima ya watu akipiga mluzi.

Nimefanya jambo. Nimeiandikia ile shule ya bweni kwamba simleti, nafasi wampe mtoto mwingine. Nilikuwa nimelibeba hilo kifuani tangu mwaka jana, nilipotia bahasha kwenye sanduku nikajisikia mwepesi. Huenda huko nako kuna mama aliyekuwa akisubiri.

Nisamehe kwa maswali yangu. Mimi ni mama, nina hofu za bure. Umenirudishia mwanangu nikiwa nimeshaanza kumzika katika mawazo yangu, na sijui nikulipe nini.

Wifi yako mwenye furaha,
Mama Chiriku


Tarehe 16 Juni

Wifi yangu,

Natumaini uko mzima. Sisi ni wazima wa mwili. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Ninayoyaandika nisipoyamaliza sasa sitayamaliza tena, kwa hiyo nisamehe kwa mwandiko.

Binti wa fundi saa ameondoka. Amepata nafasi kwenye shule ya viziwi, mbali, mwendo wa siku nzima. Baba yake alikuja kuniaga na mimi nikafurahi kwa dhati, kwa sababu kule atafundishwa lugha ya ishara ya kweli na atapata watu wengi wa kuongea nao. Watoto wawili walikumbatiana getini hadi Mwalimu Mkuu akaenda kuwatenganisha, na yeye mwenyewe akarudi anapenga kamasi.

Asubuhi iliyofuata niliandika swali ubaoni, swali jepesi la maneno, nikamwita Chiriku. Akasimama, akageukia upande wa kushoto, pale pasipo na mtu tena. Kisha akaanza kunipa jibu refu na zuri, na hakuna neno lake hata moja lililohusiana na kilichokuwa ubaoni. Wenzake walicheka wakidhani anatania. Mimi nikalifuta lile swali.

Jioni nilimpa kitabu cha darasa la kwanza. Hawezi, wifi. Hawezi mstari, hawezi neno, na herufi nyingi hazijui. Alizozijua alizijua kwa picha iliyo pembeni. Nikamuuliza ulikuwa unafanyaje muda wote huu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu, akasema:

"Shangazi, mimi nilikuwa naona kwa mikono yake."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Swali lako la Februari uliliuliza wazi, na mimi nikakujibu kwa makofi ya walimu. Niliwapima wote wawili kama mtu mmoja kwa sababu majibu yalikuwa sahihi, na kwa sababu nilitaka kukuandikia barua nzuri. Niliwapa mkongojo, sikuwafundisha kutembea. Na si mwanao pekee. Fundi saa ameniambia kule shuleni walimu wanamtazama binti yake anavyorusha mikono hawaelewi kitu, wanauliza nani alimfundisha hayo. Nimewalea wakiwa na lugha ya watu wawili, sasa kila mmoja amebaki nayo peke yake.

Najua ulishaiachia nafasi. Najua ni kwa sababu yangu. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Wifi yako,
Shangazi wa Chiriku


Tarehe 10 Julai

Wifi,

Habari za siku nyingi? Kaka anasema uko salama, nashukuru. Ile simu ya wiki iliyopita tuihesabu kama haikupigwa. Nilivyosema kuwa hata wewe umekaa na mtoto miaka minane hukumfundisha herufi, nilisema kwa hasira na nimejuta kabla hujakata. Wewe nawe uliyosema yana ukweli, ndiyo maana yaliniuma.

Sikai bure. Nimemkatia herufi kwenye msasa, ule wa kusugulia mbao, azipapase kwa kidole. Nimechora herufi kubwa sakafuni azitembee. Nimemkalisha mbele yangu, nikamkalisha pembeni yangu. Saa nyingine namwona anakaribia kushika, nami kwa kiherehere changu nalitaja neno kabla yake, halafu natamani kujing'ata ulimi. Amezijua herufi chache lakini zinamtoroka asubuhi. Anayemsumbua zaidi ni mimi. Jana aliniambia nikae mbali kwa sababu pumzi yangu inamhesabia kila herufi.

Shuleni hainui tena kidole. Nyumbani ameacha kuongea wakati wa kula, na kimya chake kinanitia wazimu.

Usipotaka kuniandikia mimi, mwandikie yeye. Nitamsomea.

Wifi yako,
Shangazi wa Chiriku


Tarehe 22 Julai

Wifi,

Salamu. Sisi wazima.

Karatasi ya matokeo nimeibandua. Wenzangu hawakuuliza, na huko kutouliza kumeniumiza kuliko kama wangeuliza.

Nimekulaumu na bado nakulaumu, siwezi kuandika vingine. Ungekosea tu ningekusamehe siku ile ile. Lakini nilikuuliza, na ulijua nauliza nini.

Shule ya bweni wamesema watapokea tena watoto Januari. Nimeomba upya. Mwezi wa Novemba kuna mtihani wa kusoma wa mkaguzi, mtoto mmoja mmoja, na matokeo yake wazazi tunatumiwa moja kwa moja. Nitafuata hayo. Mengine yote sitaki kusimuliwa.

Mwambie mama yake anamsalimu. Barua sitamwandikia, sitaki asomewe tena na mtu.

Mama Chiriku


Tarehe 4 Septemba

Wifi yangu,

Hujambo? Najua ulisema hutaki kusimuliwa. Hii isome au itupe, mimi lazima niiandike, la sivyo nitapasuka.

Binti wa fundi saa alikuja likizo. Alifika hapa kwetu asubuhi ya kwanza, mwanao akatoka mbio na mikono hewani, akamrushia zile ishara zao zote kwa mpigo. Mwenzake akacheka, akatikisa kichwa. Hazitaki tena. Akanyanyua mkono mmoja akaanza kukunja na kukunjua vidole, polepole, kimoja baada ya kingine. Kule amefundishwa alfabeti ya vidole. Kila herufi ina umbo lake la mkono, na neno unalitaja herufi kwa herufi.

Chiriku alinuna. Aliingia ndani akasema mwenzake amekuwa na maringo ya shule. Lakini atakaa na kinyongo mpaka lini, na huyo ndiye rafiki yake pekee? Mchana nikawakuta kwenye ngazi. Mmoja anakunja vidole, mwingine anamwigiza, na kwenye vumbi wameandika herufi. Binti wa fundi saa hakutaka kabisa kumsaidia, wifi. Chiriku alikuwa akimwangalia kwa kuomba, na yeye anamgeuzia uso mpaka amalize neno mwenyewe. Mimi nisingeweza kuwa na moyo huo.

Likizo nzima nyumba ilikuwa kimya na vidole vikienda. Mlango ukatajwa, ndoo ikatajwa, mimi nikatajwa, kwa heshima safari hii. Mwenzake aliporudi shule nilidhani yamekwisha. Juzi nikamtuma Chiriku kiberiti, akakichukua rafuni, akasimama. Mkono wake wa kulia ukaanza kujikunja pembeni ya gauni, herufi kwa herufi, kisha akasema, "Kiberiti." Nikamwambia ndiyo, nimekutuma kiberiti. Akasema hapana, Shangazi, hapa pameandikwa kiberiti.

Nikazunguka nyumba tena.

Ni polepole mno. Neno refu linamchosha, sentensi moja inaweza kula kipindi. Lakini anaziona herufi sasa kwa sababu zinapita mkononi mwake. Sikuombi uamini, nakuambia tu.

Wifi yako,
Shangazi wa Chiriku


Tarehe 23 Novemba

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa kaka. Naamini matokeo ya mkaguzi yameshakufikia, na yameandikwa kwamba hakusoma. Tafadhali usitie saini kule bwenini kabla hujamaliza barua hii.

Mkaguzi ni mama wa makamo, mpole, sina ubaya naye. Alikaa kwenye chumba cha vitabu, mtoto anaingia peke yake, anapewa kadi, anasoma. Sisi walimu tulitakiwa kukaa mbali. Wewe unanijua. Zamu ya mwanao ilipofika niliingia ofisini, nikatoka, nikaenda msalani, nikatoka, nikajikuta nimesimama nje ya dirisha la chumba kile.

Chiriku alishika kadi kwa mkono mmoja. Mwingine ukaanza kufanya kazi yake. Alisoma neno la kwanza, nikalisikia. Akasoma la pili. Mkaguzi akainua macho akaona vidole vinavyochezacheza, akageuka, akaniona mimi dirishani nimekodoa macho na midomo yangu inatembea. Huenda nami nilikuwa nikilisoma pamoja naye. Ameona shule nyingi watoto wakipewa majibu kwa ishara, na alichokiona pale kilifanana nacho kabisa. Akamwambia mtoto, kwa upole tu, "Mikono mezani."

Akaiweka mezani. Ni mtoto mtiifu, umemlea vizuri. Na kusoma kukaisha hapo hapo. Aliitazama kadi mpaka muda ukaisha.

Niliingia nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Mkaguzi alinisikiliza, akasema huenda ni kweli, lakini yeye huandika alichokisikia, na mtoto anaweza kupimwa tena mwakani kwa utaratibu wa watoto wenye mahitaji maalumu, kama shule itaomba mapema. Sikujua kama kuna utaratibu huo. Mwalimu Mkuu naye hakujua. Tumeshaomba.

Sasa nimebaki na neno langu, na neno langu kwako limeshachakaa. Aprili nilikuambia anaweza na karatasi ikasema anaweza, kumbe hawezi. Leo karatasi inasema hawezi na mimi nakuambia anaweza. Ningekuwa wewe nisingemwamini mtu kama mimi. Lakini anasoma, wifi. Swali lako la Februari ndilo hilo nalijibu leo. Anasoma, vibaya, polepole, kwa mkono wa kulia. Ukimtoa sasa kwenda kufuma vitambaa ataacha, na safari hii ataamini kuwa hana akili.

Nakuomba. Sijui niombe vipi zaidi.

Wifi yako,
Shangazi wa Chiriku


Tarehe 2 Desemba

Wifi,

Hatujambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nilibadili mawazo. Kaka yako anasema nikuamini. Nikamwambia yeye ni ndugu yako, hahesabiki. Bwenini wanataka saini kabla ya shule kufungwa.

Kwa hiyo nimeamua nimuulize mwenyewe. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa na kubandikwa. Ni yake. Usiifungue. Usimsomee, usimdokezee, usimwitikie. Ukiona anakaribia kukwama toka nje. Najua ninachokuomba, na najua kwako ni kigumu kuliko kufa.

Asipojibu nitaelewa, na nitakuja kumchukua.

Wifi yako,
Mama Chiriku

*

Mwanangu,

Ni mimi mama. Soma polepole. Mikono yako icheze.

Sisi wakubwa tumekuamulia mengi. Sasa amua wewe. Kuna shule ya bweni, ina watoto wachache. Au baki kwa Shangazi. Au rudi kwangu.

Niandikie jibu. Nitakubali.

Mimi mama yako ninayekukumbuka


Tarehe 10 Desemba

Wifi yangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu, tu wazima, natumaini nanyi pia.

Nilimpa karatasi yako juzi aliporudi kutoka shuleni. Aliniuliza imeandikwa nini, nikamwambia sijui, na nikatoka nje kabla sijajua. Nimefagia uwanja ambao haukuwa na uchafu. Nimekwenda kwa fundi saa kuulizia saa nisiyokuwa nayo. Kila nikipita dirishani namwona amekaa mezani, mkono unakwenda, unasimama, unakwenda. Wakati mmoja aliinama akaweka kichwa juu ya karatasi na mimi nikashika kitasa cha mlango. Nikakiachia. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya katika ualimu.

Jana aliendelea. Leo ameomba karatasi na kalamu, akanifungia mlango. Amenipa jibu likiwa limebandikwa kwa gundi nyingi hata bahasha imelowa. Sijui umemuuliza nini na sijui amejibu nini. Uso wake hausomeki, kwa hilo amefanana na wewe. Nimeshapanga nguo zake kwenye sanduku, nikazitoa, nikazipanga tena.

Lolote alilosema, nitalifuata. Nakimbilia posta kabla sijafungua.

Wifi yako,
Shangazi wa Chiriku

*

Mama,

Shikamoo. Nimesoma. Shangazi hakuwemo.

Bweni sitaki. Nabaki kwa Shangazi. Likizo nakuja kwako.

Neno moja limenishinda. Ni refu. Liko mwisho, baada ya "mama yako". Nimelijaribu jana na leo.

Nakuja nalo. Usiniambie.

Mwanao